Mboga ya Pale Ng'ombe Hulamba

Mke wangu alipotoka hospitali alikuwa mwepesi sana. Nilimshusha kwenye gari mwenyewe, mimi mzee wa magoti mabovu, kama mtu anayeshusha kikapu cha majani chai ambacho hakijajaa. Daktari alituambia dawa imefanya kazi yake na kilichobaki ni chakula. Akila atasimama. Asipokula atarudishwa pale pale, na daktari hakutaka kuzungumza juu ya kurudishwa. Aliangalia dirisha. Basi nikafika nyumbani nikijua nina kazi moja tu duniani, kumfanya huyu mama ale.

Hakula. Nilimletea ugali laini, akaugeuza kwa kidole akauacha. Nilimletea mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu kilichosuguliwa mkaa, ambayo yeye ndiye aliyekuwa akiyatengeneza vizuri kuliko mama yeyote wa kanisa letu, akanusa akarudisha kifuniko. Managu, mboga yetu ya kienyeji, ilipikwa kwa krimu mpaka ikawa tamu, akasema ina ladha ya karatasi. Nikamuuliza ni lini alikula karatasi. Hakunijibu, na mama huyu hajawahi kukosa jibu tangu nimuoe, kwa hivyo niliogopa.

Nikachinja jogoo. Wakati jogoo yuko kwenye sufuria, ndipo alipokuja botum wangu.

Wacha nieleze kwa wale wasiojua. Botum ni mtu mliyeingia naye jandoni, mkalala nyumba moja, mkatoka pamoja mkiwa wanaume. Anakushika kuliko ndugu wa tumbo. Ndugu unaweza kumpeleka kwa chifu. Botum akija kwako hangoji kukaribishwa, chai anajimiminia, na akiomba kitu huna namna ya kumnyima. Tena hupaswi kumwonea wivu. Hilo sikulisoma popote, na hata ningepewa kusoma ningechukua wiki nzima, lakini kila mtu wa kwetu analijua. Mimi nimelivunja miaka na miaka, na sioni aibu, kwa sababu ninyi hamjamwona mtu huyo. Meno yote anayo. Miwani hana. Kanisani tukiimba, sisi wenzake tunashika benchi, yeye anaruka. Akina mama wanasema, angalia mzee yule, na mimi niko hapo hapo kando yake, wala hakuna anayeniangalia.

Aliingia na kifurushi cha jani la ndizi, akapita jikoni kama kwake, akasimama kwenye mlango wa chumba.

"Mama, bado uko?"

"Niko kidogo," mke wangu akasema.

"Nimekuletea chumvi ya ng'ombe."

"Mimi ni ng'ombe?"

"Si wamesema umekataa majani? Ng'ombe akikataa majani kwetu anapelekwa kulamba."

Akacheka. Mke wangu alicheka, kicheko kidogo chenye kukohoa, lakini kicheko. Mimi nilikuwa nimejaribu kila hadithi ninayoijua tangu atoke hospitali, hata ile ya mchungaji na nyuki ambayo huwa haishindwi, na sikupata hata tabasamu. Huyu ameingia dakika hiyo hiyo na amelipata. Nilisimama na mwiko mkononi.

Akafungua jani la ndizi. Ndani kulikuwa na mboga ambayo sikuwahi kuiona. Majani manene, mazito, na juu yake vitone vidogo vinavyong'aa kama umande, ingawa ilikuwa saa saba na jua linawaka. Nikagusa kitone nikitaka kukipangusa, hakitoki. Ni mmea wenyewe umejitengeneza hivyo. Mke wangu akachukua jani moja, bichi, akatia mdomoni. Likalia kati ya meno yake kama tango changa. Akafunga macho.

"Ina chumvi," akasema. "Nani ameitia chumvi?"

"Shamba," botum akasema.

Akala lingine. Akala lingine tena. Kisha akasema, "Leteni ugali," na mimi ndiye niliyeuleta, nikaketi chini kando ya kitanda kumwangalia mke wangu akila mboga ya mwanamume mwingine. Jogoo wangu aliliwa na watoto.

Sasa niwaambie lile shamba limetoka wapi, maana hapo ndipo panaponiuma. Tukiwa bado na nguvu, mimi na yeye tulinunua pamoja kipande cha ardhi upande wa Mulot, kule chini ambako chai haikubali na watu wanafuga na kulima mahindi. Huku kwetu juu tulikuwa na chai, lakini mtu alitaka na mahali pa ng'ombe. Kipande chenyewe kilikuwa na pande mbili. Upande mmoja unashuka mpaka mtoni, udongo mweusi, mzuri. Upande wa pili una kijibonde chenye chemchemi ya maji machungu, na kiangazi kikija ardhi ya hapo inakuwa nyeupe kama imemwagiwa unga. Ni mahali pa chumvi. Tangu zamani ng'ombe wa kila mtu walikuwa wakiletwa pale kulamba, na hakuna aliyejaribu kupanda kitu. Mahindi yakipandwa yanachomoza, yanakuwa manjano, yanakufa kabla hayajafika magotini.

Botum akaniambia, "Chagua wewe."

Nikachagua mto. Nani angechagua vingine? Hata leo ukimwamsha mtu yeyote wa Bomet usingizini umuulize, mto au chumvi, atasema mto na kuendelea kulala. Tulipeana mikono. Yeye akacheka tu, akasema ng'ombe wake watakuwa na afya. Nilirudi nyumbani nikijiona mjanja, na kwa miaka mingi nilivuna mahindi yangu huku yeye akikaa na weupe wake. Nilikuwa nampelekea gunia moja mavuno yakiwa mazuri. Nilipenda sana kumpelekea lile gunia.

Kisha akahamia kule kabisa, akamwachia mwanawe chai ya huku juu. Mkaza mwanawe mmoja aliyehamia naye, mama mwenye mikono isiyotulia, alikosa pa kuweka miche ya spinachi iliyobaki, akaisukumia kando ya bonde la chumvi. Ikakubali. Majani yakawa mapana kuliko ya shamba zuri. Akajaribu bitiruti, ikakubali pia. Bibi wa kilimo alipopita akashangaa, akaondoka, akarudi na mbegu za mimea mingine akisema huko duniani kuna watu wanaolima mashamba yaliyoharibika kwa chumvi, na kwamba ipo mimea ya kula ambayo chumvi kwake ni kama mbolea. Ile ya vitone ilikuwa mojawapo. Hayo yote niliyasikia kutoka kwa watu, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kukanyaga upande wake. Nilikuwa nikienda kuona mahindi yangu, nazunguka kwa mtoni. Nikiulizwa nasema njia ya huko ina tope.

Basi turudi kitandani. Mboga ya botum ilikwisha, na mke wangu akaniuliza iko wapi nyingine. Mtu mwenye akili angepiga simu. Mimi nilikuwa nimeficha vishina kadhaa vya ile mboga kabla havijatupwa, nikaviweka kwenye kopo la maji, vikatoa mizizi. Nikavipanda nyuma ya jikoni, kwenye mteremko juu ya chai yangu. Nilijiambia, huu ndio udongo bora wa nchi hii, mvua inanyesha kila alasiri, kama kimeota kwenye weupe ule, hapa kitakuwa mti.

Na kweli ilinawiri, ikatambaa, ikafunika tuta zima. Siku hizo mama alikuwa anakula vijiko viwili vya uji na kugeukia ukuta. Nikachuma majani makubwa, nikayaosha, nikampelekea nikitembea kama mtu anayepeleka sadaka mbele.

Akatafuna. Akatema kwenye kiganja, kwa heshima.

"Hii ni maji," akasema.

"Ni ile ile."

"Ile ya botum wako ilikuwa na kitu ndani. Hii umeiotesha wewe?"

Nilienda kukaa bandani na ng'ombe. Na nikiwa pale, nikiwaangalia wakilamba bakuli lao, ndipo akili ilipokuja, na ningependa isingekuja. Kile kitu ndani si ni chumvi? Na chumvi si ninayo? Nilikuwa na mfuko wa ile chumvi ya mifugo, ya rangi ya udongo, umejaa. Nikaikoroga kwenye debe la maji, nikamwagilia tuta. Kesho yake nikamwagilia tena. Majani yakaanza kukaza na vitone vikawa vikubwa.

Nikampelekea tena. Safari hii alitafuna, akanitazama, akameza.

"Eeh," akasema. "Sasa tunaongea."

Alikula bakuli zima na nusu ya ugali. Nilitoka nje nikazunguka nyumba mara kadhaa bila sababu. Nikawaza nitakavyofunga kifurushi cha jani la ndizi, nimpelekee botum mpaka Mulot, nimwambie onja, halafu ninyamaze.

Mimi nimefuga ng'ombe tangu niwe na urefu wa fimbo. Najua ng'ombe ananusa chumvi kutoka ng'ambo ya kilima. Babu zetu walikuwa wakifuata ng'ombe ili kujua chumvi iko wapi. Yote hayo nayajua, lakini wivu ulikuwa umekaa mahali pa akili yangu ukifanya kazi yake.

Asubuhi iliyofuata wakati wa kukamua, ng'ombe wangu mwekundu hakungoja hata afungwe. Aliinua pua, akapita ndoo, akapita mimi, akapita ua wa nyuma ya jikoni kama hakuna ua. Wengine nyuma yake. Nilipofika walikuwa wamemaliza majani na sasa wanalamba udongo wenyewe, vichwa chini, wanasukumana, ndimi zinasikika. Nikapiga kelele, nikapiga kwa fimbo. Ni kama nilipiga mawe. Halafu nikasikia kwato barabarani, nikageuka. Ni ng'ombe wa jirani. Nao wamekuja.

Mwanangu, yule anayesimamia chai, alitoka na suruali haijafungwa mkanda.

"Mzee, kuna nini hapa? Mnada?"

"Saidia kufukuza."

"Hii ni chumvi? Nani amemwaga chumvi hapa?"

Nikasema fukuza kwanza. Walipoondoka, mahali palipokuwa na tuta palibaki shimo safi, limelambwa mpaka linang'aa. Lakini yeye hakuangalia shimo. Alikuwa ameshuka kwenye mstari wa kwanza wa chai, ameshika tawi. Mvua ya alasiri ilikuwa imeteremsha chumvi yangu yote huko. Majani yalikuwa yameungua pembeni, kahawia, kama yamepitishwa karibu na moto.

"Chai hii uliipanda mwenyewe," akasema. "Sasa unaipikia mchuzi?"

Kutoka chumbani nilimsikia mama akicheka. Huyo, ambaye hakuwa na nguvu ya kuketi kitandani, alicheka mpaka akaomba maji. Lakini jioni ile nilipomletea uji hakufungua mdomo. Kesho yake pia. Alisema tu, "Usijisumbue, mzee," kwa sauti ya upole, na mama huyu si mtu wa upole. Niliona mifupa ya mkono wake ikitembea chini ya ngozi alipovuta blanketi. Hapo wivu ukasogea kidogo, nikavaa koti.

Nilifika kwa botum mchana. Nilikuwa nimejiandalia maneno, kwamba nimekuja kuona mahindi yangu na nimepita tu kusalimu. Lakini miguu ilisimama pale kwenye bonde nikaona kwa macho kile nilichokuwa nakizunguka. Katikati aliacha njia yenye ua pande zote mbili, pana ya kutosha, inayoenda mpaka penye chumvi na kurudi. Ng'ombe wa watu walikuwa wanaingia, wanalamba, wanatoka, kama zamani. Na pande zote za njia ile, pale palipokuwa peupe, ni mboga. Spinachi kama masikio ya tembo. Bitiruti zimeinua mabega nje ya udongo. Na ile yenye vitone imetambaa kila mahali inawaka juani, unakunja macho ukiiangalia. Gari dogo lilikuwa limesimama, na kijana aliyevaa aproni nyeupe, mpishi wa hoteli ya watalii huko upande wa Narok, alikuwa anachagua jani moja moja kama mtu anayechagua mchumba. Amekuja mwenyewe na gari kufuata majani ya botum. Chai yangu mimi, nikiipeleka kituoni, hata karani haniangalii usoni.

Nikasema kimya kimya, Mungu, kwa nini hukunyamazisha mdomo wangu siku ile aliponiambia chagua.

"Umekuja kuona mahindi?" botum akauliza nyuma yangu.

"Nimekuja kuona mahindi."

"Mahindi yako yako kule. Hapa umepotea."

"Nimekuja kusalimu."

"Nasikia ng'ombe wako wamefungua hoteli nyumbani kwako. Wanasema mpishi ni mzee fulani." Meno yote nje. Habari ilikuwa imenitangulia barabarani.

Nilitaka kugeuka niende zangu. Nilikuwa na jibu, tena jibu kali, kuhusu mguu wake alipokuwa jandoni, ambalo silisemi hapa. Lakini lililotoka ni lingine.

"Mama hali," nikasema.

Akaacha kucheka. Hakuuliza tangu lini. Alimnyang'anya yule mpishi kisu mkononi, akainama, akakata, akajaza kikapu, akaweka na bitiruti chini. Mpishi akasema, "Lakini mzee, hizo nilikuwa nimezichagua." Botum akamwambia arudi Ijumaa.

Kisha akanipeleka mwisho wa bonde, akachora chini kwa kisigino. "Kutoka hapa mpaka pale ni lako. Lima. Mama akitaka, uchume mwenyewe, usingoje mimi."

Angeniuzia ningeweza kumchukia vizuri. Alinipa hivi hivi, akitafuna kijiti, nikabaki na wivu wangu mikononi sina pa kuuweka. Nikasema asante. Lilitoka kama mfupa.

Mama akala. Sitaficha hilo. Alikula ile mboga na ugali, akala na managu ikichanganywa humo, mwisho akaanza kula mpaka nyama. Akaketi. Akatembea mpaka kwenye mlango wa jikoni akaanza kuwaambia wakaza wana kwamba sufuria zake hazikuoshwa vizuri, na nyumba nzima ikashukuru Mungu.

Mimi nikawa mtu wa Mulot. Nililima tuta langu nikalipalilia kuliko mtu yeyote. Maji nilichota mtoni kwangu, ndoo kwa ndoo, kwa sababu sikuweza kuamini kwamba kitu kitapenda maji yale machungu wakati kuna mto, tena mto ulio wangu. Mkaza mwana wa botum alinipita akaniambia kwa adabu, macho chini, "Baba, unazinyima kitu kwa hayo maji matamu." Nikamwambia nimelima kabla hajazaliwa. Aliitikia "ndiyo, Baba" na kuendelea na chemchemi yake.

Majuzi mama alisema anataka kupaona. Tukaenda naye, taratibu, na kanga yake nzuri. Botum akaleta kiti, akakiweka katikati ya bonde kama cha askofu.

"Botum, umeniletea mgonjwa gani? Mimi naona msichana."

"Nyamaza, mzee mzima," mama akasema, lakini akanyoosha kanga.

"Haya, onja. Hili ni tuta la mumeo, hili ni langu. Chukua unapotaka."

Nilisimama na ndoo yangu ya mtoni. Nilijua kabisa mkono wake ungeenda wapi, na ulienda. Alivunja jani moja la tuta langu, akatafuna, akasema, "Ni nzuri," kama anavyosema kwa mhubiri mgeni. Halafu akageukia tuta la botum, akaanza kula, jani baada ya jani, hakungoja kuoshewa, vitone vinamwagika kwenye kidevu, na mashavu yake, ambayo niliyaona yakiwa yameingia ndani kama mfuko mtupu, yalikuwa yanatembea. Botum alinitazama. Hakucheka, na afadhali angecheka.

Nikaweka ndoo chini. Nikachukua kisu na kikapu nikaingia kwenye tuta lake yeye, nikaanza kukata ya kwenda nayo nyumbani.

"Kata yale makubwa," botum akasema.

"Nakata yote," nikamwambia.